Nilipoambiwa Nategea

Kila mwaka kidato cha sita wanapomaliza mitihani mwezi Mei, Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) hutoa majina na kambi, na mabishano yaleyale hurudi mezani kwetu. Shemeji yangu husema kambi ndiyo itakayowanyoosha watoto waliolelewa na simu. Dada yangu humuuliza nani aliwapinda. Mimi nilipita huko katikati ya miaka ya themanini, wakati mujibu wa sheria, yaani ule utumishi wa lazima, ilikuwa mwaka mzima, si miezi mitatu ya leo, kwa hiyo huwaacha wachoke kwanza. Safari hii binti wa dada yangu yumo kwenye orodha, naye ndiye aliyeniomba nisimulie yote, hata yale ninayoyarukaga.

Shuleni kwetu hakuna aliyewaza kugoma. Habari za 1966 tulizijua. Serikali ilikuwa imeamua wasomi walitumikie taifa miaka 2: miezi ya mwanzo kambini, iliyobaki kazini kwa asilimia 40 tu ya mshahara. Tarehe 22 Oktoba wanafunzi wa Chuo Kikuu, Dar es Salaam, wakaandamana hadi Ikulu kupinga. Mwalimu Nyerere aliwasikiliza, akakasirika, akafukuza karibu 400, na papo hapo akajikata mshahara wake mwenyewe asilimia 20. Mwalimu wetu wa siasa aliipenda mno sehemu hiyo ya mshahara. Kwamba wengi wa waliofukuzwa walikuja kurudishwa chuoni, hilo hakutuambia, nimelisoma ukubwani.

Basi tukaenda. Kambi sitaitaja. Tulishuka kwenye lori usiku, asubuhi tukanyolewa, na kufikia mchana sikuweza kumtambua hata msichana niliyesafiri naye kutoka Korogwe. Wanaosema JKT iliwachanganya watoto wa nchi hii hawasemi uongo. Kitanda cha juu yangu alilala binti wa mkubwa mmoja serikalini ambaye hakuwahi kuwasha moto wa kuni maishani mwake, na upande wa pili alilala binti wa wafugaji aliyecheka mpaka machozi kumwona mwenzake akipuliza majivu. Ugali ulikuwa wa yanga, ule unga wa njano, na maharage yaliyotangulia kuliwa na wadudu. Mchakamchaka alfajiri, kisha kwata, kisha shamba. Wiki za mwanzo nililia. Baadaye nikawa najua nyimbo zote na miguu ikawa inakwenda yenyewe.

Homa ilinikuta msimu wa palizi. Utaratibu wa kambi yetu ulikuwa huu: huendi zahanati mpaka koplo wa platuni yako aandike kwamba umemweleza na amekubali. Nikasimama mbele yake natetemeka, kichwa kinagonga. Akaniangalia kutoka juu hadi chini.

"Kuruta, unategea."

"Hapana, afande. Naumwa."

"Wanaoumwa hawasimami hivyo. Chukua jembe."

Nikachukua. Kesho yake nikamrudia, akanijibu vilevile, na mara hii akanipa matuta ya ziada ili wengine wasiige. Sikumwendea tena. Hilo ndilo ningependa wanaobishana wanielewe: sikunyamaza kwa ujasiri, wala kwa uzalendo. Nilinyamaza kwa sababu kuumwa kwangu kulikuwa kumeshageuzwa kosa, na kila nilipokutaja kosa liliongezeka. Nililima nikiwa naona mistari ya mahindi ikipishana kama nyoka. Jioni sikula. Nikamwambia wa kitanda cha juu anifunike na blanketi lake pia, naye akashuka, akanigusa shingo, akaondoa mkono haraka.

Nilianguka shambani. Nilichokiona mwenyewe ni kidogo, mengine nilisimuliwa: yule binti wa mkubwa, ambaye tulimdhania mlegevu kuliko sote, alitupa jembe, akanibeba mgongoni kupita mbele ya koplo bila kuomba ruhusa, akanifikisha zahanati. Tabibu aliniangalia mara moja akaagiza lori. Malaria ilikuwa imepanda kichwani. Hospitali ya wilaya nilitundikiwa dripu ya kwinini, masikio yakawa yanalia kama kuna mtu anapiga debe ndani yake, na kwa muda sikujua niko wapi wala jina la mama yangu. Mwenzangu aliporudi shambani alirushwa kichurachura kuzunguka uwanja wa kwata kwa kuondoka kazini bila amri. Magoti yake yalivimba. Alikuja kuniona akichechemea, akaniletea chungwa.

Niliporudi kambini nilikuwa mwepesi kama gunia tupu. Aliyeniokoa mara ya pili alikuwa sajini wa stoo, mzee mkimya wa Kinyakyusa. Aliniomba kwa afande mkuu niwe chini yake kwa kazi nyepesi. Nilihesabu magunia, nikaandika daftari la kupokea na kutoa, nikala uji wenye sukari aliyoitoa sijui wapi. Hakunibembeleza hata siku moja. Akiniona nimeinama husema tu, "Kaa, binti, daftari halikimbii." Nguvu zilirudi taratibu, nikaanza kutembea nyuma ya mchakamchaka, kisha kukimbia nusu, na siku ya kufunga mafunzo nilipiga kwata na wenzangu mbele ya wageni. Nilijivuna, na hata leo najivuna.

Yule koplo nimemfikiria sana. Kambini kweli kulikuwa na wategaji. Wapo waliolala na kitunguu kwapani ili joto la mwili lipande, nami niliwajua kwa majina. Alikuwa amedanganywa mara nyingi, na kazi aliyopewa ilikuwa kuhakikisha shamba linapaliliwa. Kosa ni kumpa mtu huyohuyo mamlaka ya kuamua nani mgonjwa. Angekuwa malaika, bado angetazama mahindi kwanza.

Mujibu wa sheria ilisimamishwa 1994, kwa ufinyu wa bajeti, si kwa sababu kuna aliyeshinda mjadala. Iliporejeshwa 2013, hata baadhi ya wabunge vijana walivaa kombati kuonyesha mfano. Tangu hapo watetezi huongelea uzalendo na wapinzani huongelea uhuru, nami naona wote wanapita juu ya kichwa cha kuruta. Tazama Aprili 2021: vijana 854 waliokuwa JKT kwa kujitolea waliondolewa baada ya mgomo na jaribio la kuandamana kwenda Ikulu kudai ajira walizozitarajia jeshini. Wa 1966 walikwenda Ikulu kukataa kuingia, hawa walitaka kwenda kwa kuhofia kutolewa. Nyakati zote mbili mkubwa aliona utovu wa nidhamu. Inawezekana ulikuwepo. Lakini mtu akiambiwa kila siku atii, lalamiko lake la kwanza lazima lifanane na uasi, kwa kuwa hakuna mahali pengine alipoonyeshwa pa kulipeleka.

Mimi ningepiga kura ibaki. Shemeji alishangilia niliposema hivyo, dada akanuna, kisha nikaongeza sharti langu wakabadilishana nyuso: kuruta aende kwa tabibu bila kupitia kwa koplo, na tabibu asiwe chini ya anayesimamia shamba. Akigundulika ametegea, aadhibiwe baadaye, akiwa hai.

Binti yetu ana pumu. Orodha ya vifaa tumeshaikamilisha: bukta ya bluu iliyokoza isiyo na zipu, fulana ya kijani, raba, shuka. Tangazo linaelekeza kwamba wenye ulemavu unaoonekana kwa macho waripoti Ruvu, kwenye miundombinu inayowafaa, na ni jambo jema. Pumu haionekani kwa macho. Nimemwambia cheti cha daktari akitoe nakala, moja amkabidhi tabibu siku ya kuripoti, nyingine ampe atakayelala kitanda cha juu.