Lisemwalo Lipo: Utata wa Mnyonya Damu katika Filamu ya Martin

Wahakiki wa filamu za kutisha wamezoea kuuliza swali moja kuhusu Martin, filamu ya Mmarekani George A. Romero ya mwaka 1977: je, kijana huyu ni mnyonya damu wa kweli, au ni mgonjwa wa akili? Swali hilo lina uzito wake, lakini likiachwa peke yake hupotosha.

Romero ameupanga ushahidi wa pande zote mbili kwa makusudi. Martin hana meno marefu. Huwadunga watu sindano ya kuwalaza, huwachanja kwa wembe, kisha hunywa damu yao. Kitunguu saumu hukitafuna, na msalaba haumtishi. Hata hivyo, adai kuwa na umri wa miaka 84, na picha za rangi nyeusi na nyeupe hukatiza masimulizi zikimwonyesha katika zama za kale, akisakwa na umati wenye mienge. Picha hizo zaweza kuwa kumbukumbu. Zaweza pia kuwa ndoto zilizolishwa na filamu kuukuu. Tzvetan Todorov, katika nadharia yake ya mwaka 1970, aliuona msingi wa fantasia kuwa ni kule kusita kwa msomaji baina ya maelezo ya kimaumbile na ya kimiujiza. Kusita kukiisha, fantasia nayo huisha. Katika Martin kusita hakuishi. Kinachokatizwa ni uhai wa mtu.

Hapa ndipo penye hoja yenyewe. Mzee Cuda, jamaa anayempokea Martin huko Braddock, mji wa viwanda vya chuma uliokuwa ukididimia katika jimbo la Pennsylvania, hasiti kamwe. Humwita Nosferatu, na humwonya asimguse mtu wa mji huo. Wageni hawamo katika onyo lake. Christina, mjukuu wake, atambua kwamba kijana amelelewa na ukoo ulioishikilia imani hiyo. Methali ya Kiswahili yaifasiri hali hii barabara: lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Hatimaye Bi. Santini, mpenzi wa Martin, ajiua kwa kujikata mishipa. Cuda apata habari, aamini kwamba amekwisha kuyajua yote, naye amchoma Martin kigingi kifuani. Martin auawa kwa sababu ya kifo ambacho hakukisababisha.

Mtazamaji wa Afrika Mashariki analo neno la kumsaidia. Mumiani wa masimulizi ya mitaani hatambuliwi kwa meno wala kwa jeneza, bali kwa vifaa, kificho na damu ya watu. Neno hili lauliza mtu ametenda nini kabla ya kuuliza yeye ni nani. Hata hivyo, limewahi kuwaangukia wasio na hatia, kwa kuwa mnong'ono hauhitaji ushahidi.

Kwa hiyo maswali haya mawili hayana budi kutenganishwa. Kuhusu alichokitenda Martin hakuna utata: ameua, na waliouawa wanastahili haki. Utata umo katika asili yake. Cuda alilijibu swali la asili na kulipuuza la matendo. Ndiyo maana aliua bila ya kuwatendea haki waliokufa. Mhakiki anayeng'ang'ania kuutatua utata huo, hata kwa nia njema ya kitaaluma, yumo njiani kuelekea alikofika mzee huyo.