Vitshumbi: viboko walipopungua, samaki nao wakapungua

Mzee mvuvi wa Vitshumbi, aliyekimbia vita na sasa analala kwa mkwe wake, anasema nyavu haramu zina makosa, lakini si hizo tu. Usiku kiboko anakula majani nchi kavu. Mchana anarudi kunya ndani ya maji. Mavi hayo yanakuza mimea midogo sana ya ziwani, ile tilapia wanayokula.

Miaka ya 1970, upande wa Kongo wa Ziwa Edouard na mito yake ulikuwa na viboko zaidi ya 20 000. Mwaka 2005 hawakufika 1 000: waliuawa kwa ajili ya nyama na meno. Mzee hafichi, hata yeye alinunua nyama hiyo.

Mjukuu anauliza samaki watarudi lini. Mzee anauliza kila anayetoka Vitshumbi kama ameona viboko.