Msumari wa Kituo cha Sita

Sisi tunaowaandikia ni kikundi kidogo cha watunzi wa hadithi. Baadhi yetu twatoka katika vilima vya Masisi, penye malisho na ng'ombe. Wengine twatoka katika misitu ya Walikale. Ukimbizi ndio uliotukutanisha. Kwa muda mrefu tulitamani kutunga hadithi juu ya safari ile, lakini kila tulipoanza, kilichotoka kilifanana na ripoti ya shirika la misaada: tarehe, idadi ya kaya, mahitaji ya dharura. Hapakuwa na mtu aliyepumua ndani yake.

Mwalimu mmoja akatushauri tuache kwanza kutafuta maneno, tutafute picha. Tulidhani ni kazi nyepesi.

Tulianza na zilizo karibu. Mjini Goma wako wachoraji wanaouza picha za Nyiragongo ikiwaka moto, za gorila, za wanawake wenye mitungi kichwani. Hatuwadharau, maana kazi hiyo huwalisha watoto wao. Hata hivyo tulizitazama kwa muda mrefu tusipate swali hata moja. Kisha tukageukia picha za kamera zinazotuonyesha sisi wenyewe: turubai nyuma, mama akilia mbele. Hizo zilitufunga kinywa zaidi. Aliyezipiga alikuwa amekwisha kuamua sisi ni nani, wala hakumwachia mtunzi nafasi ya kuongeza neno.

Aliyetufungua macho ni Tshibumba Kanda Matulu, mchoraji wa Katanga. Kazi zake tulizijua kwa njia ya kitabu. Kati ya mwaka 1973 na 1974, huko Lubumbashi, alimchorea mwanaanthropolojia Johannes Fabian historia ya nchi yetu katika picha 101, akamweleza picha zile kwa Kiswahili. Picha na maelezo yake vilichapwa pamoja mwaka 1996. Wakati ule watu wa mjini waliita picha za namna hiyo ukumbusho. Zilitundikwa sebuleni, ili atazamaye akumbuke na kuanza kusimulia. Mojawapo iliyopendwa sana, Colonie belge, yaonyesha mfungwa akichapwa viboko mbele ya mkubwa wa kikoloni. Tulijiuliza kwa nini mtu atundike uchungu kama huo mahali anapokaribishia wageni. Labda ni kwa sababu picha ile haikumwambia mwenye nyumba aseme nini. Ilimpa mahali pa kuanzia tu.

Jambo la namna hiyo liko hata jirani yetu. Warega wanaokaa upande wa kusini wa Walikale walikuwa na sanamu ndogo za mti na za pembe katika chama chao cha bwami. Sanamu ilifundisha ikiandamana na methali, na sanamu ileile iliweza kubeba maana hii leo na nyingine kesho. Iko yenye vichwa kadhaa, iitwayo Sakimatwematwe, mfano wa mwenye hekima atazamaye pande zote. (Kwamba nyingi za sanamu hizo leo zimo katika makumbusho ya Ulaya na Marekani, nasi twaziona kwenye simu, ni uchungu mwingine.)

Mwaka 1867 Dostoevsky, mwandishi wa Urusi, alisimama katika mji wa Basel mbele ya mchoro wa Hans Holbein: Kristo aliyekufa, amelazwa, mwili umeanza kuharibika, bila dalili yoyote ya utukufu. Mkewe aliogopa kwamba angeanguka kifafa palepale. Mchoro ule ukaingia katika riwaya yake iitwayo Idiot, na humo mhusika mmoja asema kwamba picha kama ile yaweza kumpotezea mtu imani. Twaona basi kwamba picha iliyomzalia mwandishi haikuwa lazima iwe ya kumtuliza.

Yetu sisi tuliipata pasipokuwa na picha. Katika kikanisa kimoja cha Masisi, tuliporudi huko kwa siku chache, tulikuta Njia ya Msalaba ina mbao 13. Kituo cha sita, pale Veronika anapompangusa Yesu uso, hakikuwapo. Ulibaki msumari, na chini yake mraba wa ukuta uliokuwa mweupe kuliko sehemu nyingine.

Usiku ule ule dada yetu mmoja wa Walikale akaanza kuandika. Katika hadithi yake mama mmoja aliukimbiza ubao ule msituni akiwa ameufunga katika kitenge, hata rangi ikahama, na uso ukabaki kwenye kitenge. Tuliisoma mbele ya vijana wa parokia. Wengi walilia, nasi tukajisifu kidogo.

Walipotawanyika, mama mmoja mzee akatukaribia. “Wanangu,” akasema, “ubao ule niliupasua mimi. Kuni zote zilikuwa zimelowa, na mtoto alitaka uji.” Kisha akaongeza kwamba aliugeuza kwanza uso chini. Akatuuliza kama alikuwa ametenda dhambi. Hatukujua la kumjibu. Tulimshika mikono tu.

Wiki nzima tulibishana. Baadhi walisema kitenge kibaki, maana hadithi si ushahidi wa mahakamani. Wengine waliona aibu: tulikuwa tumemtungia mama yule utakatifu asiouomba, kama wale wapiga picha walivyotutungia machozi. Tukamwendea, naye akaturuhusu kuandika habari ya kuni, mradi tusitaje jina lake wala kijiji.

Tumekwisha kuandika upya mara nne. Katika nakala ya sasa mama ana panga mkononi, uji haujaiva, na ubao uko mbele yake. Bado hatujakubaliana kama anautazama uso ule kabla ya kuugeuza.