“Mwanangu, maigizo yatakulisha?”

Mwaka 2016 nilipochaguliwa kusoma Sanaa za Maonyesho Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, baba aliniuliza swali moja tu: “Mwanangu, maigizo yatakulisha?” Alitaka niwe nesi. Ada alilipa, lakini onyesho letu hata moja hakuja kuliona.

Wengi hudhani kazi yetu ilikuwa kukariri tamthilia kama Kinjeketile ya Ebrahim Hussein. Tulikariri kweli. Lakini kilichonibadilisha ni kwenda kijijini, kukaa na wenyeji, kusikiliza shida zao, kisha kutunga nao igizo wanalocheza na kulijadili wenyewe. Tulifundishwa kutazama mikono na macho, si kusikia maneno pekee.

Leo naandika habari za afya. Mwaka jana nilimsindikiza baba kliniki ya presha. Daktari akamuuliza kama anakunywa dawa. “Kila siku,” alijibu haraka, huku akikunja na kukunjua kofia yake. Nikajua anaigiza.

Nyumbani sikumgombeza. Nilikaa naye barazani, nikanyamaza. Mwishowe akasema, “Niliacha tangu Pasaka. Mbona sijisikii vibaya?”

Nikamweleza kwamba presha ya juu mara nyingi haina dalili, na ikiachwa huweza kuleta kiharusi. Kesho yake tukarudi kliniki, akamwambia daktari ukweli.

Mzazi, mwanao akichagua sanaa, muulize atakula nini. Ni haki yako. Ila siku ya onyesho, nenda ukakae mbele.

Juzi baba aliniuliza igizo langu la mwaka wa tatu lilihusu nini. Nilimchezea pale sebuleni.