Kibiti: si kila homa ni malaria

Basi la Dar es Salaam kwenda Lindi hupita Kibiti na Ikwiriri kabla ya kuvuka Mto Rufiji kwenye Daraja la Mkapa. Mashariki ya hapo ni delta, mikoko mpaka Bahari ya Hindi. Wenyeji wa huku ni watu wa mpunga, korosho na samaki. Wafugaji walipoondolewa bonde la Ihefu mwaka 2006, wengi walishuka huku na ng'ombe wao, na ng'ombe hawatembei bila kupe.

Mtoto akirudi kutoka machungani au shambani, mkague kichwani, nyuma ya masikio, kwapani na kinenani. Ukimkuta kupe amenasa, mshike kwa kibano karibu kabisa na ngozi, mvute taratibu bila kumzungusha, kisha osha kwa sabuni. Usimchome moto wala kumpaka mafuta ya taa.

Ndani ya wiki mbili ikija homa, kichwa kikali, tezi kuvimba, vipele au kidonda chenye kigaga cheusi, nenda zahanati. Kipimo kikionyesha hakuna malaria, usiondoke kimya. Mwambie tabibu kuwa mtoto aling'atwa na kupe. Dawa mseto haitibu homa ya kupe.