Magazeti ya Mchezo wa Majoka

Msomaji ambaye hajapata kuuona mchezo huu yafaa kwanza aelezwe ulivyo, kwani jina lake peke yake humtia mzazi hofu. Ulitolewa Marekani mwaka 1974 na mabwana wawili, Gary Gygax na Dave Arneson, ukaitwa Dungeons & Dragons, yaani Magereza na Majoka. Hauna mashimo wala kete kama bao letu, wala hapana anayeshinda wenziwe. Watu wanne au watano huketi mezani. Mmoja husimulia habari za nchi ya kubuni, na kila mmoja wa waliobaki hujitwalia mtu wa hadithi, akasema, "Mimi nitafungua mlango huu," au, "Mimi nitakimbia." Kisha hutupwa dadu ili ijulikane kama jambo limefaulu au halikufaulu.

Lakini mimi nataka kuzungumza khasa juu ya magazeti yake, maana hayo ndiyo niliyoyajua. Kampuni iliyouchapa mchezo, TSR, ya mji wa Lake Geneva katika Wisconsin, ilianza kutoa gazeti la Dragon mwezi wa Juni 1976, nalo likadumu kuchapwa kwa karatasi hata Septemba 2007, lilipofika toleo la 359. London nako kampuni ya Games Workshop ilianza kutoa White Dwarf mwaka 1977, mhariri wake akiwa Ian Livingstone. Sisi tulikuwa tukikaa Portsmouth, mji ambao jamaa wengi wa Unguja waliuhamia baada ya 1964, na ambao Sultani Jamshid mwenyewe aliishi miaka mingi. Magazeti hayo tuliyapata katika duka la magazeti karibu na stesheni, tukayasoma mimi na ndugu yangu mkubwa mpaka majalada yakang'oka.

Nilichokipenda zaidi si picha za majoka. Ni kurasa za wasomaji. Katika White Dwarf palikuwa na safu iliyoitwa Fiend Factory, ambayo mtu yeyote aliweza kuipelekea kiumbe alichokibuni, akieleza umbo lake, nguvu zake na mwenendo wake. Kijana Charles Stross, aliyezaliwa 1964, alikuwa bado mwanafunzi wa shule viumbe vyake vilipochapwa. Leo ni mwandishi wa riwaya ajulikanaye duniani. Mwaka 1981 viumbe vingi vya safu hiyo vilikusanywa katika kitabu kizima, Fiend Folio, kikauzwa Uingereza na Marekani. Fikiri basi kijana wa miaka kumi na minne, ambaye shuleni hakuna amsikilizaye, aone jina lake limepigwa chapa mbele ya maelfu ya watu! Mtoto wa namna hii atashika kalamu maisha yake yote.

Katika Dragon nako palikuwa na safu ya Sage Advice, iliyoanza 1979 ikiandikwa na Bibi Jean Wells. Wasomaji waliuliza maswali juu ya kanuni za mchezo, wakajibiwa moja moja. Baba yangu, Mwenyezi Mungu amrehemu, alikuwa akitusomesha fikihi baada ya Magharibi, na siku moja alilichukua gazeti akasoma safu hiyo kwa makini. Akacheka, akasema kuwa watu hawa wana maswali na majibu kama yetu, wana kauli yenye nguvu na kauli dhaifu, na wana wabishi wao vile vile, illa wamejitaabisha kwa jambo lisilokuwapo. Maneno hayo yalikuwa ya dhihaka, lakini hakutunyang'anya magazeti. Kwa Baba kusoma kulikuwa kusoma.

Ama dadu, hapo hakulegeza. Katika Minhaji ya Imamu Nawawi, ambayo sisi Mashafi twaitegemea sana, mchezo wa nardi umeharimishwa kwa kauli iliyo sahihi, na sataranji ikafanywa makuruhu tu. Wanavyuoni wakaeleza tofauti yake: sataranji husimama juu ya hesabu na fikira, na nardi husimama juu ya kubahatisha. Wako wanavyuoni wa zama zetu wanaosema kuwa kisichokuwa na kamari wala kumshughulisha mtu na Sala kina nafasi, lakini Baba hakuwa katika hao. Ndugu yangu akaja na hoja. Alikuwa amepata habari kuwa mwaka 1979 dadu za mchezo huu ziliadimika Marekani, hata kampuni ikatia ndani ya sanduku la mchezo vikaratasi vyenye nambari, vya kuchota katika kikombe. Naye akakata vyake, akamwendea Baba na kusema kuwa hii si dadu bali ni kura, na Mtume, S.A.W., alipiga kura baina ya wakeze alipotaka kusafiri. Baba akamjibu, "Kura ile, mwanangu, ilikuwa ya kuondoa dhuluma baina ya watu wenye haki sawasawa. Hii yako ni ya kujua kama joka limekufa." Vikaratasi vikatiwa jikoni. Sisi tukabaki wasomaji wa mchezo tusioucheza, na nathubutu kusema kuwa hatukukosa kubwa, kwa sababu hadithi na ramani zake zilitutosha.

Wazazi wengi leo huuchukia kwa ajili ya uchawi. Wazazi wa Kikristo wa Marekani walikwisha kupiga kelele hiyo katika miaka ya 1980, wakiushitaki kuwa mlango wa kumwabudu shetani. Mimi katika kurasa zote zile sikuona uchawi wa kumdhuru mtu. Niliona orodha za nambari. Lililonikera lilikuwa jingine. Mwaka 1980 kampuni ilitoa kitabu cha miungu, Deities & Demigods, ambamo hata miungu ya Wahindi, inayoabudiwa hadi leo, imepewa kiasi cha uhai na nguvu kama ng'ombe wa mnadani. Uislamu haukutiwa humo, alhamdulillahi. Mwaka 1992 Bwana Jeff Grubb akaandika Al-Qadim, nchi yenye masultani, majini na jangwa, iliyochotwa katika Alfu Lela Ulela. Wameazima vilemba vyetu na majambia yetu, wakaiacha tauhidi, na mahali pake wakaweka miungu ya kubuni na nguvu waliyoiita Kudura. Watu huniuliza kama hilo halinichomi. Naona afadhali wamechukua kilemba kuliko kuchukua Qurani wakaifanyia mchezo.

Sasa nifikie jambo lililo zito kuliko dadu na uchawi. Katika matoleo ya awali ya Dragon pana makala juu ya Tékumel, ulimwengu uliobuniwa na profesa mmoja, M.A.R. Barker, ambaye mchezo wake, Empire of the Petal Throne, ulitolewa na TSR mwaka 1975. Herufi zile tatu ni Muhammad Abd-al-Rahman. Alizaliwa Marekani 1929, akasilimu alipokuwa India akitafuta elimu ya lugha, akaja kuwa mwalimu wa Kiurdu katika Chuo Kikuu cha Minnesota. Alitunga vitabu vya kufundishia Kiurdu, na Kibaluchi pia, lugha yenye wenyewe hata Muscat na Mombasa. Alibuni nchi zenye lugha zake, sarufi zake na maandishi yake. Hebu niambie, msomaji, furaha ya kijana wa Kiislamu ugenini anapojua kuwa katika watu wa mwanzo wa mchezo huu mmoja aliitwa Muhammad! Kwa miaka mingi nilimtaja kila lilipotokea jambo la kumtaja.

Barker alifariki 2012. Mwaka 2022 taasisi inayotunza kazi zake, Tékumel Foundation, ikathibitisha hadharani kuwa ndiye aliyeandika, kwa jina la kujificha, riwaya ya Serpent's Walk ya mwaka 1991, kitabu cha kuwatukuza Manazi. Ikadhihirika tena kuwa jina lake lilikuwamo katika baraza la washauri wa jarida la watu wanaokana mauaji ya Mayahudi. Sisi ambao Mtume wetu, katika Khutba ya Kuaga, alituondolea ubora wa Mwarabu juu ya asiyekuwa Mwarabu na wa mweupe juu ya mweusi, ila kwa ucha Mungu, hatuna pa kulificha jambo hili. Kusilimu kwake ni baina yake na Mola wake. Kitabu chake ni baina yake na sisi sote.

Nimeyaandika haya kwa sababu mwaka huu dada yangu aliniletea shauri. Mwanawe wa miaka kumi na mitano, ambaye shuleni wenziwe wanaucheza mchezo huu, aliyataka magazeti yangu, na mama mtu alitaka yachomwe kwa ajili ya majoka na mashetani yaliyochorwa humo. Nikamwambia dada yangu kuwa majoka hayamtishi mtoto wake; nimwogopeaye ni mtu mwenye jina zuri na elimu nyingi. Akaridhia kijana apewe, kwa sharti dadu zisiingie nyumbani kwake, na sharti hilo ni haki yake.

Nikakaa na mpwa wangu alasiri nzima nikamweleza habari za Barker kama nilivyozieleza hapa. Akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza, "Mjomba, tuzing'oe kurasa zake?" Nikamwambia asizing'oe. Akachukua penseli, akaenda kwenye kila makala yenye habari za Tékumel, akaandika pembeni, kwa herufi ndogo, jina la kile kitabu na mwaka 2022. Ilimchukua mpaka karibu na adhana ya Magharibi.