Kikombe cha Babu na mguu wa mume wangu

Mwaka 2011 ilionekana kama kila mtu yuko njiani kwenda Samunge, Loliondo, kwa Mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile, “Babu”. Kikombe kimoja cha dawa ya mugariga, shilingi 500 tu. Tulikuwa wachumba. Mwenzangu ana MS, ugonjwa ambao kinga ya mwili hushambulia neva za ubongo na uti wa mgongo, na mguu wake ulikuwa umekufa ganzi. Ndugu zake wa Nyaishozi, Karagwe, wakachanga nauli, akaenda.

Wiki chache baadaye anatembea! Mama yake alipiga vigelegele, nami nikafurahi, jamani.

Ila mimi ni mtu wa kuandika tarehe. Daftari langu lilionyesha ganzi ya 2009 iliondoka yenyewe, bila kikombe. Ndivyo MS ilivyo kwa wengi: huja, hutulia. Ikitulia, sifa inakwenda kwa ulichokunywa mwisho. Mwaka 2012 ikarudi.

Babu alifariki 2021. MS bado haina dawa ya kuiponya, ila zipo za kupunguza mashambulizi. Msomaji, mpenzi wako akitaka kikombe, usimnunie. Msindikize, na dawa za hospitali ziwe mkobani.